Tumeshatia saini, lakini mikataba haijabadilishwa: tukijitoa tutapoteza nini?

Ndugu Mshauri, salaam.

Mimi na mume wangu tunaishi Leicester, Uingereza. Wiki saba zilizopita muuzaji alikubali bei yetu ya pauni 285,000 kwa nyumba ya zamani ya vyumba vitatu, moja ya zile zilizounganishwa kwa safu. Mpaka leo tumeshamlipa mkaguzi wa nyumba pauni 650, mshauri wa mikopo pauni 395, na wakili wetu pauni 450 za kuanzia. Karatasi ya wakili inasema ada yake ni pauni 1,100, VAT juu yake, mbali na upekuzi wa kumbukumbu za nyumba wa pauni 320. Benki imeshakubali kutukopesha, na ada yao ya pauni 999 tumeomba iingizwe humo humo kwenye mkopo.

Wiki iliyopita wakili alitutumia mkataba. Tulitia saini wote wawili, tukaurudisha kwa posta. Juzi tukamtumia na ile amana ya asilimia 10, yaani pauni 28,500, iwe tayari. Anasema bado anasubiri majibu mawili kutoka upande wa muuzaji.

Ripoti ya mkaguzi ilipofika tuliisoma juu juu. Sasa tumeisoma vizuri na usingizi umetutoka. Paa lina alama nyekundu, limebonyea upande wa nyuma. Kuta za chini zina unyevu. Mabomba ya majitaka anashauri yapigwe kamera. Nilipomgusia dalali kwamba huenda tukajitoa, alikuja juu. Akasema tumeshatia saini, kwamba muuzaji ameshatumia pesa nyingi kwa nyumba anayohamia, na tukijitoa tutamlipa zote, hata kwa kupelekana mahakamani.

Je, ni kweli? Na tukijitoa leo, hasara yetu ni kiasi gani hasa?

Mama wa wawili, Leicester

JIBU

Dada yetu, kabla hujaendelea kusoma, mpigie wakili wako simu. Mwambie asibadilishane mikataba. Ukishakata simu, mwandikie baruapepe yenye maana hii: "Tunaondoa ruhusa ya kubadilishana mikataba ya nyumba hii mpaka tutakapokupa ruhusa mpya kwa maandishi. Tafadhali thibitisha kwamba umeipata barua hii na kwamba mikataba haijabadilishwa." Iandikwe kwa jina lako na la mume wako, na msubiri jibu. Kisha rudi tuendelee.

Haraka hiyo ina sababu. Katika sheria ya Uingereza na Wales, saini yenu peke yake haijawafunga. Mkataba huwa na nakala mbili zinazofanana: nyinyi mnatia saini moja, muuzaji anatia nyingine. Siku ikifika, mawakili hupigiana simu, wanahakikisha maneno ya nakala zote mbili yanalingana, wanakubaliana siku ya makabidhiano, kisha kila mmoja anaandika tarehe kwenye nakala aliyo nayo na kunukuu saa waliyokubaliana. Kuanzia dakika hiyo mmefungwa. Kwa utaratibu wanaoutumia mara nyingi, kila wakili hubaki ameshika nakala ya mteja wake kwa niaba ya mwenzake, na karatasi zenyewe hutumwa baadaye. Kwa hiyo mkataba mliotia saini, kwa maelezo yako, umelala kwenye jalada la wakili wenu, na pale pa tarehe ni patupu.

Lakini umelala pamoja na pauni 28,500 zenu, na kinachokosekana ni majibu mawili tu. Majibu yakifika saa nne asubuhi, na wakili akaamini kwamba saini na amana yenu ndiyo ruhusa yenyewe, saa nne na nusu mnaweza kuwa mmeshafungwa. Hapo hesabu inakuwa nyingine kabisa. Mnunuzi anayeshindwa kumaliza baada ya mikataba kubadilishwa hupewa ilani ya siku 10 za kazi, na zikipita muuzaji anaweza kuvunja mkataba na kubaki na ile asilimia 10. Akiuza kwingine kwa bei ya chini, anaweza pia kudai tofauti inayozidi amana hiyo. Ndiyo maana tumekutuma kwenye simu kwanza.

Sasa maneno ya dalali. Sheria ya mwaka 1989 ya mikataba ya mali, kifungu cha 2, inasema mkataba wa kuuza ardhi au nyumba ni lazima uwe wa maandishi, masharti yote yawemo, na pande zote mbili ziwe zimetia saini. Pale ambapo nakala hubadilishwa, mkataba unazaliwa nakala zinapobadilishwa. "Tumekubaliana" ya mdomo, barua ya kukubaliwa bei, hata kupeana mikono mlangoni, haviuzi nyumba. Ukiitazama barua ile ya dalali ya wiki saba zilizopita, karibu hakika utakuta maneno kwamba makubaliano yanategemea mkataba. Maneno hayo yanawalinda nyinyi kama yanavyomlinda muuzaji, maana naye angeweza kuamka kesho akamuuzia mwingine bila kuwalipa senti.

Kwa hiyo gharama za muuzaji, yaani wakili wake, mkaguzi wake na upekuzi wa nyumba anayohamia, ni mzigo wake. Ni kweli inauma, na mwambieni mapema kwa heshima, kwa sababu kila wiki mnayochelewa ndiyo inayomwongezea hasara. Lakini hamdaiwi naye chochote cha kupelekana mahakamani. Dalali naye analipwa na muuzaji, na kwa kawaida halipwi chochote biashara isipofika mwisho. Hasira yake ieleweke hivyo. Kama anaendelea kuwatisha kwa madai ya uongo, andikeni malalamiko kwenye kampuni yake. Kila dalali wa nyumba analazimika kisheria kuwa mwanachama wa chombo cha usuluhishi, ama The Property Ombudsman au Property Redress, na huko mnunuzi pia husikilizwa.

Kuna jambo moja la kuhakikisha. Je, mbali na mkataba wa wakili, mlitia saini karatasi nyingine yoyote kwa dalali? Kuna makubaliano ya kuhifadhiwa nyumba, au ya kumzuia muuzaji asiongee na wengine kwa muda fulani. Hayo ni mikataba inayojitegemea na yanaweza kuwa na faini yake. Walionunua kwa mnada wa mtandaoni, ule wa kupewa siku 56 za kukamilisha ununuzi, wajihadhari zaidi: ada ya kuhifadhi huwa maelfu ya pauni na hairudi mnunuzi akijitoa, ingawa mikataba haijabadilishwa. Nyumba mpya za wajenzi zina ada yao ya kuhifadhi pia. Mjenzi akiwa chini ya kanuni ya New Homes Quality Code, una siku 14 za kubadili mawazo na kurudishiwa ada yote. Baada ya hapo anaweza kukata gharama alizoingia kweli. Barua yako haitaji lolote kati ya hayo, na nyumba yenu si mpya, kwa hiyo tunaendelea tukichukulia hamkutia saini kitu kingine.

Hesabu yenu sasa. Pauni 650 za mkaguzi zimekwenda, alifanya kazi yake. Na tukuambie wazi, hizo ndizo pesa mlizotumia vizuri kuliko zote katika safari hii. Pauni 395 za mshauri wa mikopo nazo zihesabuni zimekwenda, kwa sababu wengi huandika kwamba ada yao inastahili maombi yakishapelekwa benki. Lakini someni karatasi yake, wapo wanaoihamishia kwenye nyumba inayofuata bila malipo mapya. Jumla hapo ni pauni 1,045.

Kwa wakili kuna mafungu mawili, na watu huyachanganya. La kwanza ni fedha alizowalipa wengine kwa niaba yenu: upekuzi wa halmashauri, maji na mazingira, pauni 320, nakala za hati kutoka Masjala ya Ardhi, pauni 7 kwa daftari la umiliki na pauni 7 kwa ramani, na uhakiki wa vitambulisho, tuseme pauni 30 kwa watu wawili. Hizo ni pauni 364, na hazirudi hata mkisema nini. La pili ni ada yake mwenyewe, na hapa ndipo penye tofauti kubwa. Itafuteni barua ya masharti aliyowatumia siku ya kwanza, mtafute sehemu inayoeleza biashara ikivunjika. Kama imeandikwa kwamba nyumba isiponunuliwa hakuna ada, basi ada ni sifuri: kwenye zile 450 mtarudishiwa pauni 86, na hasara yote ya safari ni pauni 1,409. Kama imeandikwa kwamba atadai kwa kazi iliyofanyika, tegemeeni sehemu kubwa, kwa sababu kazi nyingi ya wakili hufanyika kabla ya kubadilishana mikataba. Tuchukue mfano wa asilimia 60: pauni 660, na VAT ya asilimia 20 ambayo ni pauni 132, jumla 792. Ukijumlisha na zile 364 unapata 1,156. Mlishampa 450, kwa hiyo atawadai 706 zaidi, na hasara yenu yote inafika pauni 2,201.

Ahadi ya "hakuna ada" isomeni mpaka mwisho. Baadhi ya mawakili wanaiondoa pale mteja anapojitoa mwenyewe, au biashara inapovunjika kwa mara ya pili. Pia ombeni bili yenye mchanganuo, mstari kwa mstari. Mkiona kiasi hakilingani na masharti, mwandikieni malalamiko yeye kwanza. Zikipita wiki 8 bila kuridhika, mnaweza kwenda Legal Ombudsman, chombo kinachosikiliza malalamiko dhidi ya mawakili.

Zipo gharama ambazo hazitawagusa kabisa. Ada ya benki ya pauni 999 iliyoingizwa kwenye mkopo haidaiwi ikiwa mkopo haukutolewa. (Msomaji aliyeilipa taslimu aiulize benki kabla ya kufuta maombi, maana ada ya namna hiyo mara nyingi hurudishwa, lakini ada ya kushika nafasi hairudi.) Kodi ya stempu hulipwa ndani ya siku 14 baada ya makabidhiano, ada ya kusajili umiliki hulipwa baadaye pia, na bima ya jengo kwa kawaida huanza siku ya kubadilishana mikataba. Gari la kuhamia, kama mmeliweka, likatisheni leo. Na msimpe notisi mwenye nyumba mnayopanga mpaka mikataba imebadilishwa. Hilo tunalisema kwa kila mnunuzi, kwa sababu mwenye nyumba halazimiki kuwapokea tena mkirudi kwake na habari kwamba mambo yameharibika.

Swali linalobaki ni kama mjitoe kweli. Msiangalie zile 1,045 zilizokwenda. Zimekwenda mkinunua na zimekwenda msiponunua. Angalieni paa. Katika nyumba hizi za safu za enzi ya Malkia Victoria, mapaa yalijengwa kubeba vigae vyepesi vya mawe ya sleti. Miaka iliyofuata wengi waliving'oa wakaweka vigae vya zege, ambavyo ni vizito zaidi, bila kuongeza mbao za kuegemeza. Mbao za zamani hubonyea taratibu chini ya uzito huo, na ukisimama uani ukatazama mstari wa paa unaona umelegea katikati kama kamba ya kuanikia nguo. Wakati mwingine paa limeshatulia na linahitaji mihimili michache ya kuongezea. Wakati mwingine mbao zinazisukuma kuta kwenda nje, na hapo kazi ni kubwa. Mkaguzi aliyepita kwa saa chache hawezi kuwaambia ni lipi kati ya hayo mawili. Fundi wa mapaa au mhandisi wa majengo akipanda darini na tochi atawaambia.

Unyevu nao usiwatishe kabla haujapimwa vizuri. Kile kifaa cha kuchoma ukutani hupima jinsi umeme unavyopita, na chumvi kwenye lipu ya zamani humfanya mpimaji aone namba kubwa hata pale ambapo ukuta umekauka. Chanzo mara nyingi ni cha kawaida: mfereji wa paa unaovuja, au udongo wa nje uliopanda juu ya kiwango cha sakafu. Tafuteni mtaalamu anayelipwa kwa kupima tu. Kampuni inayopima bure kisha inawauzia dawa ya sindano za ukutani ina sababu ya kuukuta unyevu. Kamera ya majitaka ndiyo rahisi kuliko yote kati ya hayo matatu, na kwa nyumba ya umri huo tungeipiga hata kama ripoti isingesema.

Ushauri wetu basi: simamisheni mikataba leo, waambieni upande wa muuzaji kwamba mnahitaji siku 10 za kuhakikisha paa, unyevu na mabomba, na ombeni ruhusa ya mafundi kuingia. Muuzaji akikataa kuwafungulia mafundi mlango, mmeshapata jibu lenu, jitoeni. Akikubali, mtakuwa na makadirio ya maandishi mkononi, na hapo ombeni bei ishuke kwa kiasi hicho. Bei ikishuka, wakili wenu analazimika kuijulisha benki, nayo huenda ikaandika upya barua ya mkopo, kwa hiyo ongezeni wiki moja au mbili. Msikubali ahadi ya "nitakurudishia kidogo pembeni". Benki isiyoambiwa bei ya kweli imedanganywa, na wakili mwaminifu ataacha kazi hapo hapo. Na kama mafundi wakisema kazi ni ya maelfu mengi ambayo hamna, na muuzaji hashuki, hasara ya 1,409 au hata 2,201 ni ndogo kuliko mzigo mtakaouingia.

Mkiamua kujitoa, anzeni na wakili, kwa maandishi, saini za wote wawili. Yeye atawaandikia mawakili wa muuzaji. Siku hiyo hiyo mpelekeeni dalali mistari miwili: mmejitoa kwa sababu ya matokeo ya ukaguzi, hamtaendelea. Hamlazimiki kumpa ripoti yenu. Barua ya mkopo msiifute haraka. Ulizeni benki kama inaweza kuhamishiwa nyumba nyingine ndani ya muda wake, kwa kuikadiria nyumba mpya tu. Kila ombi jipya la mkopo linaacha alama kwenye kumbukumbu zenu za mikopo, na alama nyingi kwa muda mfupi hazipendezi kwa mkopeshaji. Mwulizeni wakili pia kama uhakiki wa vitambulisho utatumika tena na kama atawapunguzia ada mkirudi kwake. Upekuzi wenyewe ni wa nyumba ile tu, huo hauhami.

Wasomaji walioko Scotland wasifuate hesabu hizi. Huko mawakili hufunga biashara kwa kuandikiana barua, na zikishakamilika mteja amefungwa hata kama yeye mwenyewe hakutia saini mkataba wowote.

Mwisho, zile pauni 28,500. Mpaka mikataba ibadilishwe ni mali yenu, zimewekwa kwenye akaunti ya wateja ambayo wakili haruhusiwi kuichanganya na fedha za ofisi yake. Hawezi kukata ada yake humo kabla ya kuwapa bili, na pasipokuwa na sababu tena ya kuzishika anatakiwa kuzirudisha bila kuchelewa. Mwambieni azirudishe kwenye akaunti ile ile zilikotoka. Ikifika baruapepe inayoomba namba nyingine ya akaunti, au inayodai kwamba mtume "tofauti" mahali pengine, msijibu. Wezi hupenda sana kuingilia barua za mawakili wakati kama huu. Pigeni simu kwa namba iliyo kwenye barua ya kwanza kabisa ya wakili, mzungumze na mtu mnayemjua sauti, na mthibitishe tarakimu moja moja.